Mwalimu Anapokwenda Tena Shule

Katika vijiji vya mlimani, kuanzia Machame hadi Rombo, habari kwamba mwalimu fulani amejiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya elimu haikawii kuenea. Na kila inapofika hufuatwa na swali moja: "Sasa atapewa cheo gani?" Wanaouliza hivyo si watu wenye husuda. Ni wazazi, majirani, hata walimu wenzake. Wamezoea kuona kwamba anayeongeza elimu huondoka. Leo yuko ubaoni na chaki, kesho yuko ofisini wilayani, keshokutwa ni mkufunzi wa chuo, na watoto wa Kidato cha Pili wanabaki wakimsubiri mwalimu mwingine.

Makala haya yanataka kukugeuzia swali hilo. Badala ya kuuliza shahada itampeleka wapi mwalimu, tuulize itafanya nini darasani iwapo atabaki. Na kwa kuwa hizi ni kurasa za familia, tuulize pia itagharimu nini nyumbani kwake.

Mazoea ya kuiona elimu kuwa ngazi ya kutokea darasani hayakuzuka juzi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka makao Kilema mwaka 1891, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Shule zilipoongezeka, walimu wakahitajika upesi, na mafunzo ya ualimu yakawa yameanza Marangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kisha ikaja kahawa, na mwaka 1933 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha za kahawa ndizo zilizolipa ada. Mzee aliyechuma buni kihambani alijua vizuri kwamba ardhi ya mlimani haiwatoshi wana wote. Mmoja angerithi migomba, wengine wangerithi kalamu. Kalamu ilikuwa njia ya kwenda mahali pengine.

Tazama maisha ya Solomon Eliufoo, mzaliwa wa Machame. Alisoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akavuka bahari kusoma Bethany College huko Kansas, Marekani, na baadaye Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa Rais wa Wachagga, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Elimu. Mwalimu Nyerere naye alipotoka Edinburgh mwaka 1952 alirudi kufundisha Pugu, lakini kufikia mwaka 1955 siasa zilikuwa zimekwisha kumtoa darasani. Nchi changa ilikuwa na kiu ya wasomi, wala hakuna awezaye kuwalaumu. Tatizo ni kwamba hali iliyokuwa ya lazima katika miaka ile imegeuka kuwa desturi, na desturi hiyo imetufundisha kumwona mwalimu msomi aliyebaki na chaki kuwa mtu aliyekosa bahati.

Hata hivyo, iko historia nyingine ya walimu wanaojiendeleza, isiyo na majina makubwa. Mwezi wa Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa, wakapewa madarasa ya kufundisha, huku wao wenyewe wakifundishwa ualimu wakiwa kazini kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa kusimamiwa na walimu wazoefu. Kufikia mapema miaka ya 1980 zaidi ya 35,000 walikuwa wamefuzu kwa njia hiyo nchini kote. Waliitwa walimu wa UPE, na jina hilo lilitamkwa kwa dharau. Wengi wao wamekwisha kustaafu sasa. Lakini wapo miongoni mwao walioanza katika daraja la IIIC, wakajisomea usiku kwa mwanga wa kibatari, wakafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wakapanda hadi IIIA, wakapata stashahada, na wachache wakaipata shahada wakiwa na mvi kichwani. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba mwalimu anaweza kusoma na kufundisha kwa wakati mmoja. Hakuwahi kufanya vinginevyo.

Kwa muda mrefu, lakini, shahada ya juu ilimtaka mwalimu wa Moshi afunge mizigo. Somo la elimu lilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 500. Mwenye watoto wadogo, ng'ombe bandani na wazazi wazee aliitazama safari hiyo akaiacha, na hasa alipokuwa mama. Mambo yalianza kubadilika sheria ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, kikazinduliwa rasmi mwaka 1994, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Chuo hicho kiliweka vituo mikoani na kumfuata mwanafunzi alipo. Baadaye Moshi ikapata chuo kikuu chake kinachofundisha walimu, nacho ni Mwenge, kilichoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Leo mwalimu wa Kibosho anaweza kusomea uzamili na bado akalala kwake.

Je, anapata nini huko? Shahada ya kwanza humfundisha mwalimu somo lake na namna ya kulifundisha. Ya pili, ikisomwa kwa uaminifu, humfanyia jambo gumu zaidi, maana humnyang'anya majibu aliyoyazoea. Mathalani, mchukue mwalimu wa hisabati katika sekondari ya kata huko Uru. Simsemi mtu fulani. Wako wengi wa namna yake. Amefundisha miaka kumi na miwili. Ukimwuliza kwa nini wanafunzi wake hushindwa, majibu yako tayari: watoto ni wavivu, wazazi hawafuatilii, msingi waliotoka nao shule ya msingi ni mbovu, vitabu ni haba. Kila jibu lina ukweli ndani yake. Lakini msimamizi wake chuoni hayapokei hivyo hivyo. Atamwuliza: umejuaje? Umewapima wangapi? Huyo uliyemwona mvivu, ulipomwona alikuwa anafanya nini, na kabla ya hapo ulikuwa umemwambia afanye nini?

Basi mwalimu huyo hutumwa akaketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, asiseme neno. Kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu anaona kile ambacho mwanafunzi wa dawati la mwisho hukiona kila siku. Anahesabu maswali. Anaandika ni nani aliyejibu, na anagundua kwamba majibu mengi hutoka kwa watoto wale wale watano au sita walio karibu na ubao. Anahesabu mara ambazo mwenzake anauliza "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha anayapitia madaftari, na madaftari yanamwambia kwamba hawakuelewa. Hapo hukumbuka kwamba naye huuliza vivyo hivyo, na kwa miaka kumi na miwili ameridhika na kiitikio kile kile.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alitumia kanda za sauti kupima muda ambao walimu wa sayansi huwapa wanafunzi baada ya kuuliza swali. Aliona kwamba kwa wastani ulikuwa kama sekunde moja tu, kisha mwalimu humwita mwingine au hujibu mwenyewe. Walimu walipofunzwa kusubiri kwa sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya walianza kusema, na wanafunzi wakauliza maswali yao wenyewe. Sekunde mbili za ziada, ndugu msomaji, hazihitaji maabara wala bajeti ya halmashauri. Lakini mwalimu hawezi kuziongeza iwapo hajui kwamba hazipo, na kazi kubwa ya masomo haya ni kumwezesha aone asichokiona.

Liko pia suala la lugha, ambalo mwalimu wa sekondari hapa kwetu hawezi kulikwepa. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu masomo yote, ukiacha Kiswahili chenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilikwisha kuonyesha jinsi Kiingereza cha wanafunzi wetu kilivyokuwa hafifu kwa kazi hiyo. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa somo moja kwa lugha mbili tofauti. Waliofundishwa kwa Kiswahili walizungumza, wakabishana, wakauliza. Waliofundishwa kwa Kiingereza wengi wao walinyamaza. Mwalimu aliyezisoma tafiti hizi hana uwezo wa kubadili sera. Lakini darasa likimnyamazia, hatakimbilia tena neno "wavivu".

Mwingereza Lawrence Stenhouse aliandika mwaka 1975 kwamba mtaala hauwezi kuendelea pasipo mwalimu kuwa mtafiti wa kazi yake mwenyewe. Wafini walikwenda mbali zaidi: tangu mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1970, hata mwalimu wa darasa la kwanza nchini humo hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Sisi si Ufini, na sidhani kwamba kila mwalimu wetu anahitaji shahada ya pili ili afundishe vema. Wapo waliotulea sote wakiwa na cheti tu. Ila zingatia kwamba walimu wetu wamepokea mtaala wa kujenga umahiri mwaka 2005, na kuanzia mwaka 2024 wakapokea mitaala mingine iliyotokana na sera iliyorekebishwa. Kila mtaala huja na msamiati wake na semina zake za siku tatu. Katika kila shule anahitajika angalau mtu mmoja awezaye kuuchukua mtaala mpya, akaujaribu darasani kwa utaratibu, na kuwaambia wenzake kilichofanya kazi na kilichoshindikana, pamoja na ushahidi.

Sasa tuingie nyumbani, kwa maana huko ndiko shahada nyingi hukwamia.

Masomo haya kwa kawaida huchukua miaka miwili, nayo mara nyingi hurefuka kwa sababu ya tasnifu. Miaka hiyo haitolewi na mwalimu peke yake. Sehemu kubwa ya walimu hujilipia wenyewe, na ada inapolipwa kuna kitu kingine kisicholipwa: bati la chumba cha nyuma, mtamba aliyekusudiwa kununuliwa, pengine sare mpya ya mtoto. Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya semina na ya kukaa maktaba, mlimani ndiyo pia siku ya harusi, ya kikundi cha kuweka na kukopa, na aghalabu ya maziko. Mwalimu asiyeonekana msibani mara mbili mfululizo huanza kusemwa. Husemwa zaidi akiwa mwanamke. Mwanamume anayesoma usiku husifiwa kuwa ana bidii. Mwanamke akifanya vivyo hivyo, mama mkwe huuliza ni nani atakayekata majani ya ng'ombe asubuhi.

Kwa hiyo, bwana uliyeoa mwalimu anayesoma, usidhani umekwisha kumsaidia kwa kusema "mimi sikukatazi." Kutokataza si msaada. Msaada ni kuamka wewe ukatafute majani, kujua mahali chumvi inapowekwa, na kwenda wewe kwenye mkutano wa wazazi. Na wewe, mama mwenye mume anayesoma, una haki ya kuonyeshwa ratiba yake na hesabu za ada kabla, wala si baada ya fedha kutoka. Ni vema mkakaa chini mapema mkaafikiana mambo mawili matatu: usiku upi ni wa kitabu, ni kipi hakitaguswa ili kulipia ada, na msiba wa umbali gani unamlazimu kuhudhuria yeye mwenyewe. Watoto nao waambiwe. Mtoto anayemwona baba au mama akipigwa na usingizi juu ya sura ya pili ya tasnifu, kisha akainuka na kuendelea, hujifunza kitu ambacho hakifundishwi kwa maneno. Wengine hata huona fahari kuketi meza moja na mzazi, kila mmoja na kazi yake ya chuo au ya shule.

Shuleni nako kuna vikwazo vyake. Mkuu wa shule anaweza kuona kwamba anaandaliwa mshindani. Katika ofisi ya walimu jina la "profesa" hutolewa kwa mzaha ambao si mzaha kamili. Mwalimu anayesoma hapaswi kushangaa, wala hapaswi kuchochea kwa kunukuu vitabu katika kila kikao. Lakini mkuu wa shule mwenye busara atatambua kwamba amepata mtafiti asiyemlipa. Badala ya kumwacha aende kusambaza madodoso katika shule asizozijua, angeweza kumwambia: shule hii ina jambo linalonisumbua kwa miaka mitano, wasichana wetu huacha hisabati wakifika Kidato cha Tatu; lichunguze hilo. Utaratibu wa vibali ni ule ule, barua kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi, kisha shuleni, na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Afadhali uishie kwenye swali lenye faida nyumbani.

Hapa hatuna budi kusema jambo la kuudhi. Wapo wanafunzi wa uzamili wanaoandikiwa tasnifu kwa malipo. Biashara hiyo inajulikana, na walimu wamo miongoni mwa wateja wake. Mtu huyo hupata cheti kilicho halali kwa macho, lakini hajaketi nyuma ya darasa lolote, hajahesabu swali lolote, na "Mmeelewa?" yake iko palepale. Amelipa fedha ili asikue. Ni kosa la kitaaluma, naam, lakini kwa mwalimu lina ubaya wa ziada, kwa kuwa Jumatatu atasimama mbele ya watoto na kuwakataza kunakiliana.

Hata tasnifu ya haki hupatwa na maafa yake. Huandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma, hutetewa mbele ya jopo, hujaladiwa vizuri, kisha huwekwa kwenye rafu ya maktaba, na tangu hapo msomaji wake ni mwanafunzi mwingine anayetafuta namna ya kupanga sura zake. Walimu waliojibu madodoso hawaoni hata ukurasa mmoja. Wazazi waliowaruhusu watoto wao wahojiwe hawajui kilichopatikana. Kwa maoni ya mwandishi, mwalimu aliyefuzu angeandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye mambo matatu tu: nilichouliza, nilichokiona, na tunachoweza kukijaribu muhula ujao. Ubandikwe katika ofisi ya walimu, na usomwe kwenye mkutano wa wazazi. Wazazi wa mlimani, waliozoea kusomewa hesabu za chama cha ushirika na kuzihoji mstari kwa mstari, watauliza maswali mazuri kuliko ya jopo.

Ikiwa wewe msomaji ni mwalimu na umekwisha kuamua kuomba nafasi, yapo ya kuulizia kabla hujalipa fedha yoyote. Hakikisha kwamba chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, na nakala uitunze nyumbani, kwa sababu ruhusa ya mdomo huhama pamoja na aliyeitoa. Waulize waliotangulia ni miezi mingapi msimamizi hukaa na sura moja kabla ya kuirudisha. Jibu hilo litakueleza urefu halisi wa masomo kuliko kijitabu cha chuo. Nunua daftari la kawaida, uanze kuandika humo kila siku swali moja ambalo darasa lako limeshindwa kulijibu na jinsi ulivyolifafanua. Utakapofika wakati wa kuandika pendekezo la utafiti utakuwa na kurasa mia za kuchagua, wakati mwenzako anahangaika kutafuta mada.

Na mkuu wako wa shule mwone mapema, kabla ratiba ya Januari haijapangwa, umwombe vipindi vyako vya Ijumaa vihamie asubuhi.